Mchapakazi na Mtumwa wa Kazi

Watu wa Nanganga wanaijua kazi. Wanalima muhogo, mtama, ufuta na mbaazi. Wanapalilia mikorosho na kuipulizia salfa. Tena kijiji kiko njia panda. Magari ya Lindi, Masasi, Ruangwa na Nachingwea hupita hapo. Anayetaka kufanya kazi hata usiku, haikosi.

Mvivu tunamjua, na tunamsema. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hatumsemi. Tunamsifu. Huyo ni mtu asiyejua kupumzika. Somo hili linamhusu yeye.

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja ana shamba la mikorosho na ana pikipiki. Wakati wa salfa huamka saa 10 alfajiri. Hapo hakosei. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa umetulia. Hufanya kazi shambani mpaka saa 7 mchana. Saa 10 jioni huenda njia panda kubeba abiria mpaka saa 5 usiku. Hesabu saa zake: shambani saa 9, barabarani saa 7. Jumla ni saa 16 kwa siku. Kwa juma ni saa 112, maana hana siku ya kupumzika.

Msimu wa salfa ukaisha. Yeye hakupunguza kazi. Korosho zikauzwa, deni la pembejeo likalipwa. Bado hakupunguza. Akienda msibani, huketi kama mtu aliyekalia siafu. Mkewe akimwambia apumzike, hukasirika. Mtoto wake yuko darasa la tatu, lakini yeye anadhani yuko la kwanza. Kichwa kinamuuma upande wa kisogo. Humeza kidonge cha maumivu, akaendelea. Usiku mmoja akasinzia juu ya pikipiki, akaingia mtaroni pamoja na abiria wake. Walipona, lakini mguu wa abiria ulivunjika.

Je, mtu huyu ni mchapakazi? Alikuwa mchapakazi mpaka deni lilipokwisha. Baada ya hapo kazi ndiyo ilikuwa inamtuma yeye.

Si sisi tu tulioliona jambo hili. Mwaka 1971 mchungaji mmoja wa Marekani, Wayne Oates, alitoa kitabu juu yake. Aliona kwamba anavyoitaka kazi ni kama mlevi anavyoitaka pombe. Wajapani wao wana neno kabisa la kifo kinacholetwa na kazi nyingi: karoshi. Linakaribiana na korosho yetu, lakini ni jina la msiba.

Kazi huuaje? Mtu asiyepumzika mwili wake hukaa kama unakimbizwa. Moyo hudunda kwa nguvu, na shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, huweza kupanda. Likidumu juu kwa muda mrefu huweza kuleta kiharusi au ugonjwa wa moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao. Walikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Sasa zirudie zile saa 112 za mkulima wetu.

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mpaka. Saa za kawaida za mwajiriwa zisizidi 45 kwa juma. Apate saa 24 za kupumzika kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mkulima hana mwajiri wa kumpa likizo. Asipojipa mwenyewe, hataipata.

Hapa tusichanganye mambo mawili. Mtu anayelima vibarua mchana na jioni kwa sababu watoto hawana chakula, huyo hana ugonjwa wa kupenda kazi. Ana shida, na anahitaji kusaidiwa. Vilevile mwanamke. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita wengine, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Maneno hayo yaliwachoma wengi, na katika nyumba nyingi yangali yanachoma. Mama anayetoka shambani na kuni kichwani, kisha akateka maji na kupika, usimwambie apumzike. Chukua ndoo.

Basi mtu aliyezoea kazi aanzeje? Asiache ghafla. Mchwa na magugu havina likizo, na ufuta uliokauka ukichelewa kuvunwa humwaga mbegu. Kuna miezi ya kukaza na miezi ya kulegeza. Achague kwanza siku moja ya juma, Ijumaa au Jumapili au nyingine, ambayo jembe na pikipiki vitalala. Alale kwa muda wa saa 7 hivi kila usiku. Majirani wakisaidiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, palizi huisha mapema, na mazungumzo yapo. Bao chini ya mwembe nalo si uvivu kwa mtu aliyemaliza kazi yake. Na yule anayeumwa kisogo aende zahanati apimwe presha kabla hajanunua vidonge vingine.

Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Kwa siku 7 andika kila jioni: saa za shambani, saa za biashara, saa za kazi za nyumbani, saa za kulala, na saa ulizokaa na watoto. Mwenzako nyumbani naye aandike zake. Siku ya 8 wekeni madaftari mawili pamoja, mjumlishe.