Kuuma si kujidai: namna mwili unasikia maumivu, na namna wauguzi wanayapima



Mimi nilisoma agronomia, si udaktari. Lakini hapa Kolwezi, hata yule aliyesoma mahindi na udongo anaishi karibu na maumivu. Nyumba nyingi ziko na mtu anayeshuka mu shimo, anayeendesha lori, ao anayefanya zamu kwenye kampuni. Kwa hiyo leo tuangalie jambo moja: mtu akisema «inaniuma», ni nini kinatendeka mu mwili wake? Na muuguzi anajuaje inamuuma kiasi gani, wakati maumivu hayaonekani kwa macho? Ni swali dogo, lakini jibu lake linaweza kuokoa mguu wa mtu. Nitawaonyesha namna gani.

1. Safari ya maumivu, toka kidole mpaka kichwa

Mu ngozi, mu misuli, mu mifupa na mu viungo vya ndani kuna ncha ndogo sana za mishipa ya fahamu. Kazi yao ni kulinda. Hazishtuki kwa kila kitu. Zinaamka paka wakati kitu kina nguvu ya kuharibu mwili: joto kali, baridi kali, kubanwa, kukatwa, ao kemikali kama asidi.

Tuseme jiwe linakuangukia kidole cha mguu. Utasikia maumivu mara mbili. La kwanza linakuja haraka, kali kama sindano, na unajua kabisa ni wapi. La pili linakuja nyuma kidogo, zito, linachoma na kukaa. Sababu ni kwamba kuna mishipa ya aina mbili. Ya kwanza imefunikwa na mafuta, kama waya ya umeme ndani ya plastiki, na inapeleka habari kwa mwendo wa mita 5 mpaka 30 kwa sekunde. Ya pili ni myembamba, haina kifuniko, na inatembea mita 1 tu hivi kwa sekunde. Ni kama taxi-moto na kinga iliyobeba magunia ya makala: vyote viwili vinafika, lakini si pamoja.

Habari zote zinapita mu uti wa mgongo. Pale, kabla ubongo haujajua kitu, uti wa mgongo wenyewe unaamuru mguu ujivute. Kisha habari inapanda mpaka ubongo, na mule inagawanyika. Sehemu moja inajibu «ni wapi, na ni kali namna gani». Sehemu ingine inaleta woga, hasira na hamu ya kukimbia. Njo maana maumivu si habari ya mwili peke yake. Kila mara yanakuja na roho ya mtu ndani.

2. Mwalimu wetu pilipili

Hapa niko kwenye kazi yangu. Mnajua kwa nini tunasema pilipili «inachoma», wakati haina moto hata kidogo? Mu mwaka 1997, David Julius na wenzake kule San Francisco walipata mlango mdogo juu ya mishipa ya maumivu, unaofunguliwa na kapsaisini, ile kemikali ya pilipili. Kumbe mlango uleule unafunguliwa pia na joto likipita karibu nyuzi 43. Kwa ubongo, pilipili na moto ni barua yenye muhuri mmoja. Kazi hiyo ilimpatia Julius tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyetafiti namna tunasikia kuguswa na kubanwa.

Ndege hawasikii ukali wa pilipili. Mlango wao uko tofauti. Wanakula matunda na kusambaza mbegu mbali. Wanyama wanaosaga mbegu kwa meno njo wanachomwa. Mmea umechagua mgeni wake.

Hii inaeleza pia kwa nini kidonda kinauma hata ukikigusa pole. Mahali palipoumia, mwili unatoa kemikali zinazolegeza ile milango, basi inafunguka kwa kitu kidogo: maji ya uvuguvugu yanakuwa kama moto. Ibuprofeni na aspirini zinafanya kazi palepale, ju zinapunguza kutengenezwa kwa baadhi ya kemikali hizo. Hazitibu mfupa uliovunjika. Zinapunguza kelele tu.

3. Ukubwa wa kidonda si ukubwa wa maumivu

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba mu uti wa mgongo kuna kama geti. Habari ya maumivu inaweza kupunguzwa ao kuongezwa pale kabla ya kupanda. Ukijigonga kiwiko, unakisugua bila kufikiri: habari ya kusuguliwa inabana geti. Ubongo nao unaweza kutuma amri toka juu, kufunga ao kufungua.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, munganga Henry Beecher alishangaa kuona askari wengi wenye majeraha makubwa hawaombi dawa ya maumivu. Kwao, jeraha lilimaanisha «nimetoka vitani, niko hai». Sisi wa huku hatushangai sana. Tunajua kijana anayetoka mu shimo lililoporomoka, anatembea mwenyewe, anasaidia wenzake, halafu mangaribi anagundua mkono umevunjika.

Kinyume chake pia kipo. Mu Februari 2019, kwenye barabara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori lililobeba asidi ya sulfuriki liligongana na magari mengine na karibu watu 20 walikufa. Tukio lile linatukumbusha kitu kimoja kuhusu kuungua. Kuungua kwa juujuu kunauma sana, ju ncha za mishipa bado ziko hai. Kuungua mpaka chini kunaweza kuuma kidogo pale katikati, ju ncha zenyewe zimekufa. Mtu akisema «hapa hainiumi», usifurahi haraka.

4. Bila maumivu, hakuna ulinzi

Kuna wakati kila mmoja wetu ametamani asisikie maumivu kamwe. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia za Pakistani ambamo watoto wamezaliwa hivyo, ju ya kosa mu jeni moja. Walikuwa na midomo na ndimi zilizokatwa kwa meno yao wenyewe, na mifupa iliyovunjika bila mtu kujua. Mmoja wao, aliyekuwa akikanyaga makaa mbele ya watu ili apate pesa, alikufa kabla ya kufikisha miaka 14, baada ya kuruka toka paa la nyumba.

Ukoma unafundisha jambo hilohilo. Unaharibu mishipa ya fahamu, mtu hasikii moto wa chungu wala msumari mu kiatu, na vidonda njo vinakula vidole. Maumivu njo mlinzi wa usiku: anasumbua usingizi, lakini bila yeye mwizi anaingia.

5. Namna wauguzi wanapima

Hakuna mashine ya kupima maumivu kama ile ya kupima homa. Mapigo ya moyo na presha vinaweza kupanda, lakini vinaweza pia kubaki sawa. Mwaka 1968 muuguzi Mmarekani Margo McCaffery aliwafundisha wenzake kwamba shahidi wa kwanza wa maumivu ni mwenye kuyasikia. Kwa hiyo muuguzi anaanza kwa kuuliza na kuamini.

Anauliza wapi, tangu lini, namna gani (inachoma, inakata, inagonga, inabana?), inaenda wapi, nini inaongeza, nini inapunguza. Kisha anaomba namba: 0 ni hakuna maumivu, 10 ni yale ya kushinda yote. Mtu asiyezoea namba anaonyeshwa picha za nyuso, toka inayocheka mpaka inayolia. Mu kazi ya kutunza wagonjwa wa kansa huku Afrika wanatumia pia mkono: ngumi iliyofungwa ni sifuri, vidole vitano ni maumivu makali kabisa. Hata mama mzee ambaye hakusoma anaweza kujibu vile.

Na mtoto asiyesema? Muuguzi anaangalia vitu vitano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anatulizika akibebwa. Kila kimoja kinapata 0, 1 ao 2. Jumla ni 10. Tusidharau jambo hili. Mpaka miaka ya 1980, mu nchi tajiri zenyewe, vichanga walikuwa wakipasuliwa na dawa kidogo sana ya usingizi, ju watu waliamini hawasikii maumivu vizuri.

Namba moja peke yake haitoshi. Kazi kubwa ni kuuliza tena: baada ya sindano, nusu saa hivi, baada ya kidonge, karibu saa moja. Namba ikishuka, dawa inafanya kazi. Ikipanda, kuna kitu kimejificha.

6. Toka sita mpaka tisa

Binamu yangu aliangukiwa na jiwe kwenye mguu, chini ya goti. Kwenye kituo cha afya, mfupa ulionekana mzima. Muuguzi, mama wa makamo, akamuuliza:

«Mudogo, toka sifuri mpaka kumi, uko ku ngapi?»
«Sita, mama.»

Akampa dawa. Saa moja ikapita, akarudi.

«Na sasa?»
«Tisa.»

Alikuwa amelala kimya, halii. Muuguzi mwingine akasema: «Anajidai tu, anatafuta dawa ya nguvu.» Yule mama hakubishana. Alimvuta vidole vya mguu juu, pole sana, na binamu akapiga kelele mpaka inje. Akashika misuli ya nyuma: migumu kama ubao. Usiku uleule akampeleka hospitali kubwa, na waganga wakapasua ngozi kwa urefu ili kutoa presha. Leo binamu anatembea.

Maelezo yake ni haya: misuli ya mguu imefungwa mu mifuko isiyovutika. Ikibondwa, inavimba, presha inapanda, damu mpya haiingii. Baada ya saa sita hivi misuli inaanza kufa. Mara nyingi alama ya kwanza ni maumivu yanayopita ukubwa wa jeraha, yanayopanda licha ya dawa. Mapigo ya damu mu mguu yanaweza kuwa bado yapo. Kwa hiyo ile «tisa» ilikuwa habari muhimu kushinda ngozi iliyoonekana mzima.

7. Sisi tufanye nini?

Kwanza, tuache kusema «mwanaume halii» na «mama, vumilia, wote wamezaa». Mtu aliyenyamaza hajapona.

Pili, tukienda hospitali tuseme vizuri: wapi, tangu lini, namna gani, namba ngapi, dawa gani tumekwisha kumeza. Paracetamoli, kwa mtu mzima, isipite gramu 4 kwa siku. Ikizidi inaharibu ini bila kelele.

Tatu, vijana wanaomeza tramadoli ili waweze kuchimba bila kusikia mwili: dawa ile ina kazi yake mikononi mwa munganga. Bila yeye, inaleta utumwa, inaweza kuleta kifafa, na inamfukuza yule mlinzi wa usiku wakati uko mita nyingi chini ya udongo.

Nne, kwa wale wanaosomea uuguzi: kazi hii ina heshima kubwa. Jirani zetu Uganda, tangu 2004, wanaruhusu wauguzi waliofundishwa kutunza wagonjwa mahututi waandike morfini wenyewe, ju waganga hawafiki kila kijiji. Lakini morfini pia inaanza na swali lilelile, na sikio la kungoja jibu.

Jioni ya leo, mzee nyumbani akisema mgongo unamuuma, muulize: «Papa, namba ngapi?» Na kesho asubuhi muulize tena.