Mbwa wako akifa, usione haya kuomboleza wala usiogope kumpenda mwingine

MTU akifiwa na mzazi au ndugu, majirani hufika kumpa pole. Hukesha naye, humchangia gharama za mazishi na kumsikiliza anaposimulia habari za marehemu mpaka tanga lianuliwe. Lakini mbwa wake akifa, huambiwa maneno mawili matatu tu: "Si ni mbwa tu? Tafuta mwingine." Kesho yake hutarajiwa kuamka, kupanda matatu na kwenda kazini kana kwamba hakuna lililotokea.

Ilhali huenda mtu huyo hakupata hata lepe la usingizi. Chakula hakipiti kooni. Akifika langoni jioni hutega sikio asikie mkwaruzo wa makucha, kisha hukumbuka kwamba hakuna wa kumlaki.

Je, ni kwa nini kifo cha mnyama kimuumize mtu mzima kiasi hiki? Mtoto aelezwe nini? Na ukitaka kufuga mbwa mwingine, ungoje muda gani na uchukue tahadhari zipi ili naye asife? Haya ndiyo maswali tutakayoyajibu wiki hii.

Uhusiano wa kale

Wako wanaodhani kwamba kumpenda mbwa ni mtindo ulioletwa na Wazungu. Ukweli ni kwamba mwanadamu ameishi na mbwa kabla hajajua kulima wala kufuga ng'ombe. Mnamo 1914, wachimba mawe katika kijiji cha Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la miaka ipatayo 14,000. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa ambaye hakuwa amefikisha umri wa mwaka mmoja.

Wataalamu waliochunguza meno ya mbwa huyo walitoa maelezo yao mwaka wa 2018. Walisema alikuwa na dalili za ugonjwa mkali, yaelekea ule uitwao distempa, na kwamba hangeweza kuishi majuma kadhaa ya ugonjwa huo bila mtu kumpa maji, chakula na joto. Mbwa mgonjwa hana faida kwa mwindaji. Hata hivyo aliuguzwa, na alipokufa akazikwa pamoja na watu.

Hapa kwetu, wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Kuna pia familia ambazo, kwa sababu za dini au malezi, haziruhusu mbwa kuingia nyumbani, na mfugaji anapaswa kuiheshimu hali hiyo ya majirani zake. Lakini hata mbwa anayelala kwenye kibanda nje ya mlango wa jikoni huzoeana na anayemlisha kila siku. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Kwa nini uchungu huwa mkali

Sababu ya kwanza imo mwilini. Mwaka wa 2015 watafiti wa Japani walieleza kwamba mbwa na mwenye kumfuga wanapotazamana machoni kwa muda, homoni iitwayo oksitosini huweza kuongezeka katika miili yao wote wawili. Homoni hii ndiyo hiyo inayosaidia kujenga mapenzi baina ya mama na mtoto anyonyaye. Kwa hiyo mapenzi kwa mbwa si mchezo wa fikira tu.

Sababu ya pili ni ratiba ya maisha. Mbwa hulishwa kwa saa zake, hufunguliwa usiku, hufungiwa asubuhi. Anapokufa, kila saa ya siku hubaki na pengo lake. Mjane au mstaafu anayeishi peke yake huenda alikuwa akizungumza na mbwa huyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Sababu ya tatu ni kukosa wa kukuliwaza. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika mwaka wa 1989 kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui. Alieleza kwamba mtu asiporuhusiwa kuomboleza hadharani, huzuni yake huzidi kuwa nzito kwa sababu ataibeba peke yake, tena akiionea haya.

Majonzi mazito huweza kuudhuru hata moyo wenyewe. Madaktari wa Japani walieleza hali moja mnamo 1990 ambapo sehemu ya moyo hulegea na kuvimba baada ya mshtuko au huzuni kubwa. Waliiita takotsubo, jina la mtego wa kuvulia pweza, kwa sababu moyo hufanana na chungu hicho. Mwaka wa 2017 madaktari wa Texas, Marekani, walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 61 aliyepatwa na hali hiyo baada ya mbwa wake kufa. Alitibiwa, akapona. Visa vya aina hii ni nadra, lakini ukisikia maumivu ya kifua au ukikosa pumzi baada ya msiba wowote, usiseme ni huzuni tu. Nenda hospitalini mara moja.

Majonzi hayana mstari mmoja

Wengi wamesikia kwamba mwenye huzuni hupitia hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, kuvunjika moyo na kukubali. Hatua hizo zilielezwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross katika kitabu chake cha 1969, na zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Usishangae basi ikiwa yako hayafuati utaratibu huo. Mnamo 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo analia, kesho anashughulika na maisha, keshokutwa analia tena. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kupona.

Jambo linalowatesa wengi ni lawama. "Laiti ningalimpeleka kwa daktari mapema." "Laiti nisingaliacha lango wazi." Lawama huwa kali zaidi ikiwa ulikubali mbwa adungwe sindano ya kumfisha. Yafaa ujue kwamba dawa itumikayo ni ya usingizi, yenye nguvu nyingi. Mnyama hupoteza fahamu katika muda wa sekunde, kisha moyo husimama. Hasikii maumivu. Kwa mbwa asiyeweza kupona, huo ni uamuzi wa huruma. Hata hivyo, dawa hiyo hubaki mwilini mwake na huweza kumuua mnyama mwingine atakayekula mzoga, kwa hiyo azikwe katika shimo refu.

Ili kujituliza, simulia habari zake kwa mtu atakayekusikiliza bila kukucheka. Tunza picha yake au mshipi wake wa shingoni. Panda mti pale alipozikwa ikiwa una uwanja. Usikimbilie pombe. Na ikiwa miezi inapita ungali huwezi kufanya kazi, huli, hulali, au unafikiria kujitoa uhai, muone daktari au mshauri nasaha bila kukawia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwambie mtoto ukweli

Wazazi wengi humwambia mtoto kwamba mbwa "amelala" au "ameenda ushago." Wana nia njema, lakini mtoto aliyeambiwa kwamba kufa ni kulala huweza kuogopa kitanda. Aliyeambiwa mbwa amesafiri humngojea arudi, na siku atakapopata habari kutoka kwa mtoto wa jirani atajua kwamba wazazi wake humdanganya.

Mtoto wa chini ya miaka 5 aghalabu haelewi kwamba kifo hakina marejeo. Atauliza swali lile lile mara nyingi. Mjibu kwa maneno mafupi na ya kweli: "Simba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hahisi maumivu wala njaa. Hatarudi." Ukimpa sababu, mwambie pia kwamba si yeye aliyesababisha, maana watoto hujilaumu kimyamoyo. Akitaka kuhudhuria maziko au kuchora picha, mruhusu.

Mbwa aliyebaki naye huonyesha mabadiliko. Utafiti uliofanywa nchini Italia na kuchapishwa mwaka wa 2022, uliohusisha zaidi ya watu 400, ulionyesha kwamba wengi wao walimwona mbwa aliyebaki akipunguza michezo na chakula na kutaka kuwa karibu na watu. Mpe chakula kwa saa zake za kawaida na umtembeze. Akikataa kula kabisa kwa siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ameambukizwa kilichomuua mwenzake.

Kifo cha kutiliwa shaka

Hapa ndipo mapenzi huweza kuleta hatari. Ikiwa mbwa wako alibadilika ghafla kabla ya kufa, akawa mkali bila sababu au mpole kupita kiasi, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza au miguu ikapooza, shuku kichaa cha mbwa. Usimkumbatie wala kumwosha. Mjulishe afisa wa mifugo aliye karibu ili mzoga uchukuliwe na kupimwa.

Yeyote aliyeumwa, aliyeparuzwa au aliyelambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kupata chanjo. Usingoje dalili. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao barani Asia na Afrika, na takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya ilizindua mpango wa 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo hivyo, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Ufuge mwingine lini?

Hakuna idadi ya siku iliyowekwa. Wako walio tayari baada ya wiki mbili, na wako wanaohitaji miaka miwili. Lililo muhimu ni kujiuliza: je, namtaka mbwa huyu, au nataka yule wa kwanza arudi? Ikiwa jibu ni la pili, ngoja kwanza. Wote walio nyumbani wakubaliane, hasa mtoto, kwani ukileta kilebu siku ya pili huenda akadhani kwamba anayekufa hubadilishwa kama betri.

Kwa upande mwingine, wako wanaoapa kutofuga tena kwa kuogopa kumsaliti marehemu au kuumia upya. Ni kweli kwamba utaumia tena. Mbwa wa aina kubwa sana huishi miaka 7 hadi 10, na wadogo huweza kufika 15. Kila afugaye mbwa katika ujana wake hana budi kuwazika kadhaa. Lakini mapenzi si debe la mahindi kwamba ukimpimia mmoja umempunguzia mwingine. Mama wa watoto watano hagawanyi moyo mara tano.

Kabla ya kumleta, safisha. Ikiwa wa kwanza alikufa kwa kuhara damu na kutapika, yaani ugonjwa wa pavo, jihadhari sana. Virusi vyake, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, huweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi, na sabuni ya kawaida haiviui. Choma matandiko ya zamani. Osha sakafu na vyombo kwa sabuni, kisha tumia dawa ya kuondoa madoa nguoni, ile ambayo wengi huiita jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, uiache dakika 10. Udongo hauwezi kusafishwa hivyo. Basi ni afadhali umchukue mbwa mzima aliyekwisha kupata chanjo zote kuliko mtoto.

Ukichukua kilebu, asitolewe kwa mamake kabla ya wiki 8. Chanjo za distempa na pavo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ile ya kichaa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Apewe pia dawa ya minyoo, kwani baadhi ya minyoo ya mbwa huwaingia watoto wanaochezea mchanga. Usinunue vilebu wanaochuuzwa kando ya barabara, kwa kuwa hujui wametoka wapi wala wamechanjwa nini. Wapo mbwa wazima wanaongoja makao katika vituo vya KSPCA, wengi wao wakiwa watulivu na waliozoea watu.

Mwisho, mpe jina lake mwenyewe. Ukimwita jina la marehemu utamdai tabia za marehemu, na kila akikosea utamlinganisha. Huenda wa kwanza hakubweka ovyo, na huyu hubweka hata kuku akipita. Mwache awe yeye. Picha ya yule ibaki ukutani, na huyu alale mlangoni.