Fahamu: Kwa nini wanariadha huvaa nguo nzito ili kuzoea joto

Joto lilimlemea Mwingereza Don Thompson katika mashindano ya kutembea kilomita 50 kwenye Olimpiki ya Melbourne, mwaka 1956. Kabla ya Olimpiki ya Roma ya 1960 alifanya mazoezi bafuni kwake, kati ya hita na birika za maji yanayochemka, amevaa suti ya michezo. Roma akatwaa dhahabu.

Nguo za ziada huzuia jasho kukauka, hivyo joto la mwili hupanda. Ukirudia karibu kila siku kwa wiki moja au mbili, mwili hujirekebisha: majimaji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hupungua kwa kazi ileile, jasho huanza mapema na kupoteza chumvi kidogo. Ukiacha, faida huyeyuka ndani ya wiki chache.

Suti za mpira au plastiki ziogope. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakijitoa jasho ili wapunguze uzito, na suti hizo zikapigwa marufuku katika mchezo huo vyuoni.

Anza na fulana moja ya ziada, mwendo wa taratibu, maji na mwenzako karibu. Ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, simama, vua nguo, jimwagie maji. Mtu akichanganyikiwa, mpozeni hapohapo huku mkiita msaada wa hospitali.