Malindi Hadi Dodoma kwa Gari la Moshi: Panga Kabla ya Kufunga Mzigo

Reli haikufika Malindi wala Kilifi. Wajerumani walianza kutandika ya Tanga mwaka wa 1893, Waingereza wakaanza yao Mombasa mwaka wa 1896, na sisi wa huku juu tukaachiwa majahazi, kisha mabasi. Si ajabu basi kwamba wako watu wazima wenye wajukuu ambao hawajapata kuketi ndani ya behewa. Likizo ya Desemba inapokaribia, swali nyumbani huwa ni hili: je, twaweza kuvuka mpaka tukaone miji mitatu kwa gari la moshi, bila kuigusa karo ya Januari?

Yawezekana, lakini ifahamike mapema kwamba hakuna gari la moshi la abiria litokalo Mombasa hadi Dar es Salaam. Kipande hicho ni cha basi, kupitia Lunga Lunga, Horohoro na Tanga, nacho hula siku nzima. Reli huanzia Dar. Tangu mwaka wa 2024 reli mpya ya Tanzania inabeba abiria hadi Morogoro na Dodoma, na ingawa bado twaliita gari la moshi, hili halina moshi. Ni la umeme. Dar hadi Morogoro hazitimii saa mbili. Dodoma ni takriban saa nne.

Kinachovunja safari nyingi ni karatasi. Kitambulisho cha taifa chamtosha Mkenya kuingia Uganda au Rwanda, lakini si Tanzania. Huko wahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki. Viza haitakiwi. Na yale mambo ya zamani ya mtoto kuandikwa ndani ya pasipoti ya mamake yamekwisha: kila mtoto awe na yake, hata anyonyaye. Kuomba pasipoti ya mtoto kwahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi, kwa hivyo mama anayelea peke yake aanze mapema zaidi ya wengine. Chanjo ya homa ya manjano nayo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, kwani kabla ya hapo cheti hakihesabiwi. Ukishaichanja, cheti ni cha maisha.

Sasa pesa. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 za Tanzania hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Uliza bei ya siku hiyo, kisha ukumbuke kwamba tiketi si gharama kubwa. Familia humalizwa na malazi, teksi na soda. Zidisha kila usiku kwa idadi ya vichwa, na jumla ikikutisha, punguza mji mmoja badala ya kupunguza chakula.

Binafsi ningelala Dar siku mbili, Morogoro moja, Dodoma mbili. Dar kuna Makumbusho ya Taifa na pantoni ya Kigamboni, ambayo watoto wa Likoni hawatashangazwa nayo. Morogoro ni milima ya Uluguru na hewa baridi. Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu mwaka wa 1973, ni nchi kavu ya zabibu, na kwa mtu wa pwani ukavu huo pekee ni kitu cha kutazama. Epuka masika, Machi hadi Mei.

Kabla ya hayo yote, chukueni siku moja mjaribu Mombasa hadi Voi kwa reli yetu iliyofunguliwa 2017. Utajua ni nani hutapika, na ni nani hawezi kukaa bila kuzurura.

Mambo madogo: jina la tiketi lilingane na la pasipoti. Saa ya tiketi ni ya kizungu; 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri, wala si saa sita. Muulize karani wa basi atawateremsha wapi, kwa kuwa kituo cha Mbezi Luis kiko mbali na stesheni ya reli. Na wakati wa kurudi, msipange kushuka garini na kupanda basi la Mombasa siku hiyo hiyo. Laleni Dar usiku mmoja. Gari likichelewa, tiketi za basi za watu watano zisiharibike.