Maskini Naye Huchanga

Msafiri anayeingia Dar es Salaam hukutana na umaskini wa jiji kwenye foleni, taa nyekundu ikiwa imewaka: mzee asiyeona anaongozwa na mtoto, mama anagonga kioo cha gari. Ijumaa mikono huzidi, hasa katikati ya jiji, karibu na misikiti na maduka ambayo wenyewe wamezoea kutenga sarafu za sadaka kwa ajili ya siku hiyo. Anachokiona mgeni ni kweli, ila ni sehemu ndogo mno. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na maskini walio wengi miongoni mwao hawajawahi kusimama kwenye taa kuomba. Wako Tandale, Manzese, Vingunguti na Mbagala, wanahangaika na vibarua na biashara ndogondogo, na wanasaidiana kwa taratibu zenye masharti, daftari na kusutana. Mgeni mwenye huruma angefanya vema kuzijua taratibu hizo kabla hajafungua pochi, kwa sababu zimesimama juu ya jambo ambalo misaada ya kutoka nje hulisahau mara kwa mara: anayepokea leo ni mchangiaji, na heshima yake mtaani hutokana na huko kuchangia.

Tuanze na mchezo. Wanawake wanaouza vitumbua, mboga au mitumba humpa kijumbe, yaani mkusanyaji wao, kiasi kilekile kila siku au kila wiki, na kila zamu mmoja wao hubeba fungu zima. Hakuna fomu wala riba, na dhamana pekee ni jina la mtu. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliandika kwamba vyama vya namna hii ni ngazi ya katikati, ambayo watu wataiacha uchumi wa kisasa ukishawafikia. Zaidi ya miaka 60 imepita, simu za kutumiana pesa zimeenea hadi uchochoroni, na mchezo haujafa. Kijumbe sasa hupokea michango kwa simu, basi. Nadhani Geertz hakuupa uzito wa kutosha ukweli kwamba benki hutunza pesa lakini haimsuti mtu. Tena shida ya maskini wa mjini si uchache wa pesa peke yake. Pesa yake huja kidogokidogo ilhali madai humjia kwa mkupuo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, biashara inataka mtaji, na mtoto wa sekondari anataka sare na madaftari kwa siku moja. Ndiyo maana zipo pia njia nyingine za kuaminiana: kijana anachukua mashati Kariakoo kwa mali kauli na kulipa akishauza, na Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, anamwandikia mteja wake unga na mafuta hadi mwisho wa wiki. Msibani napo kuna daftari la rambirambi, na majina yaliyoandikwa humo yanakumbukwa. Asiyehudhuria misiba ya wenzake atazikwa, hilo halina shaka, lakini turubai lake litakuwa na viti vitupu.

Sasa linganisha na mgeni anayegawa peremende na kalamu kwa watoto wa uswahilini, kisha akapiga picha. Nia yake yaweza kuwa safi, lakini amempita mzazi na kumfundisha mtoto kumtegemea mpita njia. Afadhali angekula kwa mama ntilie na kulipa bei bila kuvutana, pesa ikaingia kwenye mzunguko ambao tayari unajua pa kwenda. Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana akiba, ni ushahidi mzuri zaidi kwamba msaada wa nje hufaa ukijengwa juu ya taratibu za watu wenyewe. Mfumo huo una mizizi Niger, ambako shirika la CARE mwaka 1991 lilijengea juu ya desturi ya wanawake ya kuweka akiba pamoja. Halikuleta fedha za kukopeshana, lilileta utaratibu wa kutunza hesabu na kisanduku chenye kufuli. Wanawake walikopeshana akiba zao wenyewe, na mfumo ukaenea hadi Tanzania. Mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu nayo hutumia vikundi na aibu ya mtaani kukusanya madeni, ila huruma ya jirani imeachwa nje na riba inaondoka na mwenye kampuni.

Atakayesema kuwa vijumbe wengine hutoroka na pesa hajakosea, ingawa benki nazo zimewahi kufilisika. Pingamizi zito zaidi ni la yule asiyeweza kuchanga kabisa: kikongwe asiye na watoto, mgonjwa wa muda mrefu, asiyeona aliyetoka mkoani bila ndugu mjini. Mduara wa wachangiaji humwacha nje, tena kwa ukali, kwa kuwa anayekosa zamu mbili jina lake limeharibika. Kwa mtu huyo sadaka haina mbadala wa haraka, na sioni sababu ya kumcheka anayetoa sarafu Ijumaa. Kuwafukuza ombaomba na maskini mjini hakujawahi kusaidia. Wakoloni waliwakamata waliowaita wahuni na kuwarudisha vijijini. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ikaleta misako mingine. Kanuni ya Adhabu bado inamhesabu anayeomba hadharani kuwa mzururaji. Kila mara watu walirudi, kwani kilichowaleta mjini hakikuguswa.

Wapo pia wanaohofia kwamba kuusifu mchezo ni kuipa serikali udhuru. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo inayoweka mpaka wa hoja yangu. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipobomoa nyumba bonde la Msimbazi, majirani walihifadhiana na kuchangiana nguo na sufuria, lakini hakuna kijumbe awezaye kuchimba mfereji wa maji ya mvua wala kupima viwanja. Walionusurika walihitaji ardhi, na serikali ndiyo iliyowagawia viwanja Mabwepande, mbali na soko na vibarua walivyovitegemea. Wengine wakarejea bondeni.