TEGU WA NGURUWE NA AFYA YA MWANADAMU

Miongoni mwa maradhi yanayoambukizwa baina ya wanyama na binadamu, ni machache yasiyoeleweka kama yale yaletwayo na tegu wa nguruwe. Mfugaji wa Kisanga, wilayani Kilosa, akichinja nguruwe na kukuta nyamani punje nyeupe zenye maji, ataona mara moja kuwa nyama hiyo ina kasoro. Lakini jirani yake aangukapo kwa kifafa, ni vigumu kwake kufikiri kwamba mambo hayo mawili yaweza kuwa na chanzo kimoja.

Maisha ya tegu

Tegu aliyekomaa huishi katika utumbo mwembamba wa binadamu. Mwili wake ni bapa mfano wa utepe, urefu wake kwa kawaida ni mita 2 hadi 4, nao umegawanyika katika pingili. Pingili za mwisho hukatika na kutoka pamoja na kinyesi, na moja tu yaweza kubeba mayai 50,000. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho. Mayai huanguliwa tumboni mwake, viluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu hadi kwenye misuli, na huko hugeuka vifuko vidogo vyenye maji. Mtu alapo nyama hiyo ikiwa haijaiva vema, kifuko hukua kuwa tegu, na mzunguko huanza upya. Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka 1855 na daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Tegu mwenyewe hasumbui sana, na wengi walio naye hawajui. Hatari imo katika mayai yake. Binadamu akiyameza kwa mikono michafu, mboga zisizooshwa au maji yasiyo safi, hufanya mwilini mwake yaleyale yafanyayo mwilini mwa nguruwe. Vifuko vikiota katika ubongo, huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja nyama ya nguruwe maishani mwake anaweza kuugua, iwapo chakula chake kimeandaliwa na mwenye tegu asiyenawa mikono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa, katika nchi nyingi zenye maradhi haya, asilimia 30 hivi ya kifafa hutokana na vifuko hivyo. Kifafa hicho si uchawi, wala hakiambukizwi kwa mate ya mgonjwa.

Je, elimu peke yake yatosha?

Wilayani Mbulu, Helena Ngowi na watafiti wenzake walichunguza ndimi za nguruwe, na katika taarifa yao ya mwaka 2004 walieleza kuwa takriban asilimia 17 walikuwa na vifuko. Baadaye wafugaji walipewa elimu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa ulaji wa nyama yenye vifuko ulipungua. Lakini ufugaji wenyewe haukubadilika sana. Sababu si ngumu kuiona. Nguruwe aliyefungiwa bandani hana budi kuletewa chakula kila siku, na choo huchimbwa kwa jasho na gharama. Tena nyama ikikataliwa na mkaguzi, hasara ni ya mfugaji. Hapo ndipo kishawishi cha kuiuza kwa siri huzaliwa.

Njia za kujikinga

Kila kaya itumie choo. Nguruwe wafugwe bandani, na nyama ikaguliwe na kupikwa mpaka wekundu uishe. Mikono inawiwe kwa sabuni. Mwenye tegu atibiwe hospitalini. Kwa nguruwe, dawa ya oksifendazoli huua vifuko vya misulini, na chanjo iitwayo TSOL18 huwakinga.

Mwalimu anaweza kuwaagiza wanafunzi wachore mzunguko huu ubaoni, kisha wajadili ni wapi kijiji chao kinaweza kuukata kwanza. Ukikatwa mahali pamoja tu na kila kaya, tegu hana pa kwenda.