Ndege ya mabomu ya mwaka 1962 bado yaruka: ni nani aitengenezaye?

Bomu likianguka, watu huulizana nani aliyelitupa. Ni wachache wanaouliza ndege iliyolibeba ina umri gani, na ni mafundi gani wanaoiweka angani. Mabarazani nasikia vijana wakibishana kwamba zile B-52 za Marekani ni makopo ya kale yanayosubiri kuanguka. Ubishi huo una upande mmoja wa kweli, lakini mtu akiutegemea wote atapotea.

Kwanza, kwa nini litushughulishe sisi wa pwani? Kwa sababu ndege hizi ni jirani zetu wa bahari. Diego Garcia, kisiwa kilicho zaidi ya kilomita 3,000 mashariki ya Mombasa katika Bahari Hindi hii hii, ndiko zilikoondokea kwenda kupiga Iraq mwaka 1991, Afghanistan mwaka 2001, na Iraq tena mwaka 2003. Wachagosi, wenyeji wa visiwa vile, walikuwa wameshaondolewa makwao ili kambi ipate nafasi. Dhulma hiyo yahitaji makala yake peke yake.

B-52 ya kwanza iliruka Aprili 1952. Ziliundwa 744, na ya mwisho ikatoka kiwandani Wichita, jimbo la Kansas, mwezi wa Oktoba 1962. Tangu siku hiyo haikuundwa nyingine. Zilizobaki kazini ni takriban 76, zote za toleo la H. Kwa hivyo iliyo changa kabisa ina zaidi ya miaka 60, na rubani wake mara nyingi ni mdogo kwake kwa miaka thelathini.

Ila ndege haizeeki kwa kalenda. Huzeeka kwa saa ilizoruka, kwa misukosuko iliyopata, na kwa kutu. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi. Mwisho utakatika ingawa hukuuvuta kwa nguvu. Mafundi huita jambo hilo uchovu wa metali. Bawa la B-52 ni refu na lenye kunyumbuka, hata ncha zake zimewekewa magurudumu madogo yasije yakagusa ardhi tangi zikijaa mafuta. Kila safari bawa hupanda na kushuka, na kila mara chuma huchoka kidogo. Wataalamu wamekadiria kwamba sehemu ya juu ya bawa ndiyo itakayofika mwisho kwanza, kati ya saa 32,500 na 37,500 za kuruka. Nyingi ya ndege hizi hazijakaribia huko, kwa sababu wakati wa Vita Baridi zilikaa miaka mingi uwanjani zikingoja amri.

Kwamba umri si hesabu ya miaka, ushahidi wake ni Januari 1964. B-52 ilibuniwa iruke juu sana. Makombora ya Wasovieti yalipoanza kufika huko juu, ikaamriwa iruke chini, kwenye hewa nzito yenye misukosuko ambayo haikuundiwa. Tarehe 10 ya mwezi ule, ndege moja ya H, mpya kabisa, ilikatwa mkia wake wa kusimama na upepo ikiwa kwenye majaribio. Rubani Chuck Fisher na wenzake waliishikilia hewani kwa saa kadhaa mpaka wakaiteremsha salama. Siku tatu baadaye nyingine ilipoteza mkia juu ya milima ya Maryland ikiwa imebeba mabomu mawili ya nyuklia. Mabomu hayakulipuka, lakini katika watu watano walionusurika ni wawili tu. Baada ya hapo ndege zote zikatiwa nguvu upya. Kwa hivyo unayoiona leo ni ya mwaka 1962 kwa jina, ila ndani ina viraka vya kila muongo.

Kazi kubwa hufanyika katika karakana ya kambi ya Tinker, Oklahoma. Takriban kila miaka minne ndege huingizwa humo, ikafunguliwa paneli zake na kukaguliwa kila pembe. Aliyepata kuona jahazi likipandishwa pwani, likatolewa kalafati ya zamani na kutiwa mpya, ataielewa kazi hii bila kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba fundi wa jahazi hugonga ubao akasikiliza, na hawa hutafuta ufa ambao jicho halioni. Hupaka rangi maalumu inayopenya kwenye mwanya na kung'aa chini ya taa, au hupitisha mawimbi ya sauti ndani ya chuma wakasoma yanavyorudi. Tena mabawa yenyewe ndiyo matangi ya mafuta, basi kila kiungo ni mahali panapoweza kuvuja, na fundi hulazimika kuingia mle ndani kuziba.

Kisha kuna chumvi. Alumini haifanyi kutu nyekundu kama mabati yetu. Hutoa unga mweupe na kuliwa kwa ndani, chini ya rangi na kandokando ya ribiti. Ndege iliyokaa Guam au Diego Garcia huenda nayo chumvi ya bahari. Hapa mwenye nyumba karibu na ufuo hahitaji kufunzwa.

Spea ndizo zinazotesa zaidi. Viwanda vingi vilivyounda vipande hivyo vilishafungwa au vimeacha kazi hiyo. Mafundi hulazimika kuchonga upya kipande kutoka michoro ya zamani, au kwenda jangwani Arizona, kwenye uwanja wa Davis-Monthan, ambako ndege zilizostaafu huwekwa kwa sababu hewa ni kavu. Kichekesho ni kwamba pale pale, miaka ya 1990, B-52 365 zilikatwa vipande kwa mkataba na Warusi, vikaachwa wazi ili satelaiti zao zishuhudie. Sasa wanarudi kuchokora jangwa hilo hilo. Ndege mbili zimefufuliwa zima zima: Ghost Rider mwaka 2015, kuziba pengo la iliyoungua, na Wise Guy mwaka 2019, kuziba pengo la iliyoharibika Guam mwaka 2016. Wise Guy ilikuwa imelala jangwani zaidi ya miaka kumi, na matengenezo yakaendelea mpaka 2021.

Mambo yakikosewa, anayelipa kwanza ni aliye ndani. Februari 1991 B-52 moja ilikuwa yarudi Diego Garcia kutoka vitani. Haikuangushwa na kombora. Umeme wake uliharibika ikaanguka baharini. Watatu waliokolewa, watatu wakafa. Walio chini ya mabomu nao walikwishalipa kabla, na hilo hakuna karakana inayolitengeneza.

Kwa nini wasinunue mpya tu? Hesabu yao ndiyo hii: ndege za B-1 na B-2, ambazo ni changa zaidi, zimepangwa kustaafu kabla ya B-52, kwa kuwa kuziweka hewani ni ghali na ni taabu zaidi. Kwa hivyo ule ubishi wa makopo ya kale unapotea hapa. Ukongwe wa B-52 ndio nafuu yake. Haina siri nyingi, yafunguka, na mafundi wameshaijua.

Kilichobaki ni injini. Kila ndege ina nane, za aina ya TF33, ambazo hazitengenezwi tena tangu 1985. Septemba 2021 kampuni ya Rolls-Royce ilipewa kandarasi inayoweza kufika dola bilioni 2.6 kuleta injini 608 za aina ya F130, zinazotokana na injini za ndege za matajiri. Nane zimebaki nane kwa makusudi: ukiweka chache kubwa, moja ikizima upande mmoja, usukani wa mkia hautaweza kuinyoosha ndege, na mkia wenyewe ungehitaji kuundwa upya. Mpango ni ziruke hadi miaka ya 2050. Lakini ratiba imeshasogea, na sasa unatajwa mwaka 2033 kabla ya ndege za injini mpya kuwa tayari kwa kazi. Mpaka hapo ni zile TF33, kufunguliwa na kufungwa.